Daulat Hasham, Mpishi Aliyefunga Sufuria

Wasikilizaji wapendwa, Daulat Hasham hakuwa na gari. Hakuwa na shahada. Hakuwa na mume, wala mtoto, wala goti la kutegemea baridi ikikaza. Katika kamati ya jumuiya hakuwa na kiti. Alikuwa na upawa. Mzaliwa huyu wa Dodoma ndiye aliyetupikia biriani kila Alhamisi baada ya dua, hapa kwetu Thorncliffe Park, Kanada. Ametutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na tisa.

Tunamkumbuka kwa sababu ya sheria. Oktoba 2012, serikali ya Kanada iliweka sharti. Mke aliyeletwa nchini na mumewe, kama ndoa ni changa na hawana mtoto, aishi naye miaka miwili. Miaka miwili, wasikilizaji. Akiondoka kabla, aweza kupoteza ukaazi wake. Aliyepigwa aliruhusiwa kuondoka, lakini alete ushahidi.

Mwaka uliofuata, Shaista, bibi harusi kutoka Tanga, alikuja kusaidia jikoni amevaa mikono mirefu katikati ya joto la Julai. Daulat akaukunja mkono mmoja, akaona.

"Ondoka kwake," akamwambia.

"Nikiondoka watanirudisha, Bi Daulat. Baba nitamwambia nini?"

"Baba yako hakukuleta Kanada uwe ngoma."

Daulat akapita kwa majirani wa ghorofa anayoishi Shaista. Wote walikuwa wamesikia vishindo. Hakuna aliyetaka kuandika ushahidi. Akamwendea Yusufali, mwenyekiti wa kamati, ambaye mlango wake ulitazamana na wa Shaista.

"Daulatbai, hayo ni mambo ya ndani," akasema Yusufali. "Tutamwaibisha kijana wa watu."

"Ya ndani, nawe umeyasikia ukiwa nje?"

Alhamisi ikafika, dua ikaisha, watu wakajipanga na sahani zao. Zarina, mpwa wake Daulat, alikuwepo. Anatusimulia: "Zafarani inanukia ukumbi mzima. Wazee wanameza mate. Shangazi kakifunga kifuniko kwa kamba, kakaa mbele ya sufuria, upawa mapajani, kama askari wa benki."

"Daulatbai, watoto wana njaa," Yusufali akamwambia.

"Watoto nimewalisha mapema. Waliobaki hapa ni mashahidi."

"Unatuuzia biriani kwa saini?"

"Nataka kila mtu aandike alichosikia kwa masikio yake. Msiongeze chumvi. Ya kwangu inatosha."

Mtu akacheka huko nyuma. Yusufali hakucheka. Akaomba kalamu. Aliandika wa kwanza, kwa hasira, kurasa mbili. Wengine wakamfuata, na kamba ikafunguliwa.

Shaista aliondoka kwa mumewe, na ukaazi wake haukuguswa. Leo anaishi North York, na ana duka lake la vitambaa.

Lakini Daulat hakutosheka. "Hawa niliwapata kwa njaa," alimwambia Zarina. "Mwanamke asiye na mpishi je?"

Akaanza kuwaandikia wabunge Ottawa. Alitaka sharti lenyewe lifutwe. Aliandika kwa Kiswahili, Zarina akatafsiri, na Zarina alipojaribu kulainisha maneno, shangazi alimrudisha mwanzo. Barua ya kwenda bungeni haihitaji stempu, na hilo Daulat alilipenda kuliko jambo lolote la Kanada. Si yeye peke yake aliyepigania. Mawakili walisema, na mashirika ya wanawake yalisema. Aprili 2017, sharti likafutwa.

Zarina, na ukoo wote wa Hasham, poleni. Mola amlaze pema. Nanyi mnaoishi ukuta kwa ukuta na jirani, jiulizeni: mmesikia nini, na mmemwambia nani?

Sharti lilipofutwa, Yusufali alikwenda kumpongeza. Alimkuta mezani, anaandika.

"Daulatbai, si wameshafuta? Unawaandikia nini tena?"

"Asante."

"Basi?"

"Na kwamba wamechelewa."

Akalamba gundi, akaifunga bahasha, akavaa koti. Yusufali akajitolea kumpelekea. Daulat akakataa. Akashuka na goti lake lile lile mpaka kwenye sanduku jekundu la posta, akaitumbukiza.