Kimondo cha Saa Saba Mchana

Kila alasiri, mshona mashati huhesabu vifungo vyake akiwa ndani ya basi. Leo alikuwa amefika kifungo cha kumi na tatu pale kijana mmoja alipoketi mbele yake. Nywele zake zilikuwa nzuri, ila katikati zilikatwa na njia iliyonyolewa hadi ngozi, kutoka kisogoni mpaka utosini. Kando yake aliketi kinyozi, bado kavaa aproni.

"Wakwe watadhani nimetoka jela," kijana akalalama. "Tena siku ya kujitambulisha!"

"Ndiyo maana nakusindikiza, nikawe shahidi. Kimondo kinapita mchana kweupe, kinawaka! Nani asingeinua macho?"

"Ungeinua macho, mashine ukaizima!"

"Bwana, kitu kama kile mtu hukiona mara moja tu maishani."

"Na baba mkwe je, nitamwona kwa mara ya kwanza mara ngapi?"

Mshonaji akapoteza hesabu, akauma midomo asicheke.

"Mkia wake ulikuwa wa kijani," kinyozi akaendelea, "halafu ukawa..."

"Tangu tupande unanisimulia mkia!"

Basi likasimama kwenye kituo cha wakwe. Kijana hakuinuka. Kinyozi akaitazama ile njia kichwani.

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema. "Kimondo hakikushika mashine. Niliishika mimi."