Ufunguo wa Kabati la Sukari

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto kidogo, aliye safarini atulie kwenye kiti chake. Leo tunamkumbuka fundi mmoja. Wako kati yenu waliomjua kwa kazi yake. Wengine hamkuwahi kumwona, lakini nadhani tukifika mwisho mtakuwa mmemjua.

Tunamkumbuka Mzee Funguo. Ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Alikuwa fundi wa kufuli na vitasa kwa miaka thelathini na mmoja. Amefariki akiwa na miaka hamsini na minane. Ameacha mke na binti mmoja. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Lakini binti yake aliniambia neno ambalo sijaweza kulisahau. Alisema, "Baba hakufa kwa kula vibaya. Baba alifuata masharti mpaka yakamuua." Nitawaeleza alikuwa na maana gani.

Kwanza twende kwenye kibanda chake. Kilikuwa kati ya duka la viatu na mpiga picha za pasipoti, chembamba hivi kwamba wateja wawili wakisimama mlangoni, wa tatu anasubiri barabarani. Ukutani misumari, na kila msumari umebeba funguo. Mezani jiliwa la kubania chuma, tupa za kila saizi, na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira. Alikuwa akilalamika kwamba kituo chetu hakishiki vizuri saa za mchana. Mzee wangu, malalamiko yako tuliyapata.

Mzee Funguo alikuwa na sharti moja. Hachongi ufunguo mmoja. Ukitaka ufunguo, unachongewa mbili, upende usipende. Ukimwambia una haraka, anakutazama juu ya miwani: "Ufunguo mmoja si ufunguo. Siku ukiupoteza utakuja kunigongea, na mimi nitakuwa nakula." Na pamoja na sharti hilo, yeye mwenyewe alijifungia nje ya nyumba yake mara mbili. Mkewe alikuwa akimcheka. "Mganga hajigangi," anasema.

Na chai. Huwezi kumzungumzia Mzee Funguo ukaacha chai. Vijiko vitano vya sukari, na kijiko kisimame. Chai isiyo na sukari aliiita maji yaliyoungua.

Mwaka jana macho yalianza kumchezea. Kiu haimwishi. Anakwenda haja ndogo mpaka mpiga picha jirani akawa anamtania kwamba amehamia chooni. Halafu akachonga ufunguo wa mteja mmoja mara tatu, na mara tatu mteja akarudi nao. Meno ya ufunguo alikuwa hayaoni tena. Binti yake hakubishana naye, alimshika mkono wakaenda kliniki. Wakaambiwa ni kisukari, aina ya pili.

Mzee Funguo aliujua. Kaka yake mkubwa alikuwa na ugonjwa huo huo. Alikatwa mguu, akapoteza macho, kisha akaondoka. Alipofika nyumbani fundi alimwambia mkewe maneno machache tu. "Mama, hii kazi ni macho. Nikipofuka, nimekwisha." Kuanzia siku hiyo alikuwa na lengo moja: alinde macho yake kwa chakula anachokula.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kliniki walimpa dawa, kidonge kimoja kila asubuhi. Wakampa na siku ya kuja kwenye somo la chakula. Alikwenda, Alhamisi, akiwa amevaa shati la kutokea. Nesi alichora sahani ubaoni. Nusu ya sahani mboga. Robo wali au viazi. Robo nyingine samaki au maharage. Fundi alisikiliza kama mtoto wa darasa la kwanza, na wenzake wanasema alikuwa akiinua mkono kuuliza: parachichi je? Asali je? Je, biskuti ikivunjwa nusu?

Katikati ya somo simu yake ikalia. Mwalimu wa chekechea. Mtoto wa miaka mitatu amejifungia stoo, kitasa kimekwama, analia. Mzee Funguo akasimama.

Nesi akamwambia, "Mzee, hatujamaliza. Bado kuna habari ya dawa, na sukari ikishuka unafanya nini."

"Nitarudi, binti yangu. Kuna mtoto analia."

Mlango wa stoo aliufungua kwa dakika mbili. Mtoto akatoka akiwa na kamasi mpaka kidevuni. Lakini fundi aliporudi kliniki, darasa lilikuwa limekwisha na watu wameondoka. Tarehe yake nyingine ilikuwa baada ya wiki sita.

Nirudie hapo, wasikilizaji wapendwa. Alisikia nusu ya somo. Alisikia nusu inayosema sukari ikipanda ni hatari. Nusu inayosema sukari ikishuka ni hatari pia, hakuisikia. Na asingeweza kuwafundisha mkewe na binti yake kitu ambacho hata yeye hakukisikia.

Nyumbani wakajifunga kibwebwe. Mkewe alitaka kuificha sukari. Akasita. "Nikikuficha utaipata," alimwambia. "Kazi yako ni kufungua vya watu."

"Basi nikutengenezee kitasa."

Akatengeneza. Kabati la jikoni, lile la juu la mbao, akalitia kitasa kizuri kuliko cha mlango wao wa mbele. Ndani wakaweka sukari, asali, jamu, na juisi za wageni. Na safari hii, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Mzee Funguo alichonga ufunguo mmoja. Akautia kamba, akamvisha mkewe shingoni kama bibi harusi. Wakacheka wote watatu. Kisha akaacha kucheka, akasema: "Kitasa hiki naweza kukifungua kwa kijiti cha meno. Lakini nimekuahidi. Sitakigusa." Ahadi ni deni, wasikilizaji, na huyu alikuwa mtu wa kulipa.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Chai aliinywa amefumba macho. Alimwambia mpiga picha kwamba amekula majani mengi kiasi kwamba sungura wakimwona wanampisha. Lakini mwili ukaanza kuitika. Kiu ikapungua. Mkanda ukarudi matundu mawili. Wiki ya tatu alikaa mezani kwake, akashika ufunguo, akayaona meno yote. Mkewe anasema siku hiyo alimpigia simu kutoka kibandani kwa ajili hiyo tu. "Mama, naona."

Ungekuwa wewe ungeishia hapo, ukashukuru. Yeye akaongeza. Asubuhi akaacha mkate kabisa. Kidonge, chai kavu, basi, mpaka mchana. Binti yake akamwambia, "Baba, kula kitu." Akajibu, "Wamesema nipunguze. Mimi nimefuta."

Siku moja, kabla ya saa sita, alikuwa akichonga ufunguo mkono ukaanza kutetemeka. Jasho likamtoka. Moyo ukaenda mbio, akatamani sukari kuliko alivyowahi kuitamani. Akaweka tupa chini, akanywa maji, akakaa. Jirani akamletea viazi vyake vya mchana, akala, hali ikatulia. Jioni mezani akasimulia. "Leo yule shetani wa sukari kanitikisa mwili mzima. Nikamwambia, leo hunipati."

Na wao, mke na binti, walifanya nini? Binti aliniambia huku akitazama chini. "Tulimpigia makofi."

Wiki iliyofuata ikatokea tena. Akashinda tena. Wakapiga makofi tena.

Wasikilizaji wapendwa, ule haukuwa uchu. Ulikuwa mwili unaomba msaada. Kidonge kilikuwa kinashusha sukari, tumboni hamna kitu, na sukari ilikuwa inashuka mpaka chini kabisa. Kama angeweka vijiko viwili vya sukari mdomoni, kisha akala, tusingekuwa na kipindi hiki leo.

Ilikuwa Jumamosi, siku tano kabla ya tarehe yake ya kliniki. Mvua ilinyesha asubuhi, hakufungua kibanda. Alikunywa kidonge na chai kavu, akasema atarekebisha bawaba ya mlango wa nyuma. Binti alikuwa kazini. Mkewe akaenda sokoni kutafuta mboga zake, maana nusu ya sahani ni mboga. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

Saa tano hivi simu yake ikalia akiwa anachagua mchicha. Ni fundi. Sauti ilikuwa nzito, mkewe akadhani alikuwa amejilaza.

"Mama, yule kanishika tena. Leo ana nguvu."

"Uko wapi?"

"Jikoni. Nimekaa chini. Nakunywa maji, atapita."

"Vumilia, baba. Nakuja."

Alinisimulia maneno haya mara tatu, huyu mama, na kila mara alisimama kwenye neno hilo moja, vumilia. Aliniambia kwamba alimaliza kuchagua mchicha, akanunua na matango, akapanga foleni akalipa. Hakuwa na haraka. Mumewe alikuwa anashinda, kama siku zote.

Alimkuta amekaa sakafuni, mgongo umeegemea ukuta, kichwa kimeinama, kabati liko juu yake. Mkoba wa vifaa ulikuwa mezani, umbali wa mkono. Haukuwa umefunguliwa. Kijiti hakikuguswa, waya haukuguswa. Mtu aliyefungua milango ya mtaa mzima kwa miaka thelathini na mmoja alikaa chini ya kitasa alichokitengeneza kwa mikono yake, akatimiza ahadi yake.

Mpiga picha jirani ndiye aliyewapeleka hospitali kwa gari lake. Huko wakamtundikia dripu ya sukari mshipani. Walikuwa wamechelewa. Daktari akamwuliza mkewe, kwa upole, "Mama, nyumbani hakukuwa na sukari hata kidogo?"

Mama akashika kamba shingoni. "Ilikuwepo, daktari. Ufunguo wake nilikuwa nao."

Mzee Funguo hakuamka. Alifariki Jumatatu asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Kwenye msiba, siku ya tatu, yule nesi wa kliniki alikuja kuhani. Alikuwa amelitambua jina la marehemu kwenye daftari lake la somo. Akakaa na mama na binti chumbani, akawapa ile nusu ya somo iliyobaki. Binti alikuwa na saa mkononi. Aliniambia, "Ilichukua dakika tano."

Ninazo dakika tano hizo hapa, wasikilizaji wapendwa, na nesi ameniruhusu kuwapa. Kama mtu wenu ana kisukari na anatumia dawa za kushusha sukari, asiruke mlo. Akitetemeka, akatoka jasho, moyo ukaenda mbio, akahisi njaa ya ajabu au kauli yake ikawa nzito, msimwambie avumilie. Kama anaweza kumeza, mpeni sukari au kitu kitamu hapo hapo, kisha ale chakula. Kama amezimia, msimtie kitu mdomoni, kimbizeni hospitali. Na nyumba yenye mgonjwa wa kisukari iwe na sukari mahali ambapo kila mtu anajua, pasipo na kufuli. Masharti ya chakula ni mazuri. Yaulizeni yote, mpaka mwisho.

Kwa niaba ya kituo chetu natoa pole kwa mama, kwa binti, kwa mpiga picha jirani, na kwa wote walioachiwa funguo mbili mbili na mkono ule. Mungu ampumzishe mahali pema. Majuto ni mjukuu, tunasema, lakini mama huyu hakutenda kosa peke yake. Wangapi kati yetu tunampigia makofi mtu anayeumia, kwa sababu tu anaumia kimya? Leo kabla hamjalala, muulizeni mgonjwa wenu anajisikiaje, na msimsifu kabla hajajibu.

Nilipokuwa natoka nyumbani kwao nilimwuliza mama angependa tuseme nini juu ya mumewe. Nilitegemea aseme alikuwa mwaminifu, alikuwa jasiri, maneno tunayoyasoma hapa kila wiki. Kamba ilikuwa bado shingoni mwake.

"Usiseme alikuwa jasiri," aliniambia. "Sema alinipigia simu akaniambia anaumwa, na mimi sikusikia."