Mbaazi za Eladio

Kijiwe chetu kiko mbele ya duka la Doña Mireya, mtaa wa Punta Brava, ukikaa pale unasikia kinu cha sukari kikikohoa. Benchi ni moja, mguu wake mmoja umeegemezwa tofali, na sisi ni wanne. Radio ni kinyozi, na hana kitufe cha kuzimia. Kijiko alikuwa mpima miwa kinuni mpaka alipostaafu, na jina kalipata kwa kujitia katika kila chungu. Jenerali hajawahi kukanyaga jeshini, alikuwa mlinzi wa ghala. Mimi nashona viatu, wananiita Gundi. Asubuhi hiyo ya Jumatano Doña Mireya alikuwa kaketi mlangoni, chupa ya kahawa pembeni, anabambua mbaazi mbichi na kuzitia kwenye bakuli. Msimu wa besiboli unaanza Ijumaa. Timu yetu ni Kenge, na atakayeanza kurusha mpira Ijumaa ni Wilkin, mtoto wa pekee wa huyu huyu Doña Mireya. Sasa kocha wa warushaji ni mpya, Eladio, na nakwambia kweli, hakuna aliyekuwa analala vizuri mtaani.

— Mimi Eladio ananitia tumbo joto, alianza Radio. Mtu mzima anahesabu kwa mbaazi?

Eladio si mgeni kwetu, anakaa nyumba ya nne kutoka dukani. Alikuwa mrushaji yeye mwenyewe, mshipa wa bega ukamkatika akiwa na miaka ishirini na miwili, na mpaka leo kofia anaivaa kwa mkono wa kushoto. Tangu aanze kufundisha anaingia uwanjani na mbaazi kavu themanini mfuko wa kulia. Kijana akirusha mpira mmoja, mbaazi moja inahamia mfuko wa kushoto. Mfuko wa kulia ukibaki mtupu, kijana anatoka, hata kama rais yuko jukwaani. Kocha aliyemtangulia alikuwa hahesabu kitu, na msimu uliopita katuachia vijana watatu wenye mikono ya kufungwa bandeji.

— Themanini ni chache, alisema Jenerali. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

— Hiyo inaingiaje hapo? aliuliza Radio.

— Si mkono? Tunaongelea mkono.

— Mimi siogopi themanini, Kijiko akadakia. Mimi naogopa mfuko. Mfuko ukitoboka je? Mbaazi zinadondoka zenyewe ndani ya suruali, jamaa anapapasa, hamna kitu, anamtoa Wilkin kabla hata jua halijashuka.

Radio alikiweka kikombe chini.

— Hilo sikuliwaza. Mke wangu atamshonea suruali. Leo hii hii.

— Suruali si kitu, alisema Jenerali. Kuna njaa. Mchezo unakwenda saa tatu, nne, mtu ana mbaazi mfukoni. Atazitafuna.

— Kavu? aliuliza Kijiko.

— Kule ghalani nimeona mtu anatafuna mahindi ya mbegu, tena yenye dawa. Wewe njaa huijui. Halafu wapinzani nao si wajinga. Watamwaga mbaazi zao pale anapokaa, ajichanganye. Atahesabu mpaka mia tatu na kijana bado anarusha.

Tulicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Kila mmoja alikuwa anakumbuka zile bandeji tatu. Radio akasema kile tulichokuwa tunakizunguka:

— Mie sina maneno mengi. Mkono wa Wilkin ukiharibika, Eladio ahame mtaa huu. Kiti cha kunyolea kwangu hatakikalia tena.

— Hata viatu Gundi asimshonee, alisema Kijiko.

Nikatikisa kichwa kukubali. Doña Mireya aliacha kubambua kidogo, halafu akaendelea.

— Na sasa kazua jipya, alisema Radio. Tangu Jumapili Wilkin haruhusiwi kugusa mpira mpaka Ijumaa. Eti mkono upumzike. Mkono ukilala siku tano si unashika kutu?

— Ondoa hofu, ndugu yangu, akasema Kijiko. Mkono uko salama, nimeuona kwa macho yangu. Jumatatu mpwa wangu alikuja kutoka mjini, anataka akasimulie kwamba alishawahi kushika gongo la kupigia mpira mbele ya Wilkin. Nikamwita kijana nyuma ya kanisa. Akarusha, mwanangu, gongo halikunusa mpira.

— Alirusha mingapi? aliuliza Doña Mireya. Aliuliza kwa upole, kama anauliza nani anataka sukari.

— Kama arobaini hivi, mama. Kidogo kidogo. Chovya chovya humaliza buyu la asali, ndiyo maana nasema aguse kidogo kila siku, mkono ukolee utamu.

Nilimwona anatoa mbaazi bakulini na kuziweka kwenye kisahani. Nikadhani anachambua zilizotobolewa na wadudu.

— Basi na mimi niseme, akasema Radio. Dada yangu kule New York kila siku ananipigia, Wilkin yukoje, Wilkin yukoje. Wasiwasi unamuua. Jana nikamwomba kijana nimrekodi video. Simu yangu ikagoma, tukarudia, ikagoma tena. Lakini ile nguvu, jamani, bado ipo.

— Mingapi, Radio?

— Haizidi thelathini, Doña.

Jenerali alivuta shati lake likae sawa.

— Jana hiyo hiyo jioni, baada ya video yako, nikampangia makopo ukutani. Nilitaka kujua shabaha. Penye wazee haliharibiki neno, lazima mtu mzima akague. Makopo ishirini na tano, alikosa mawili tu, tena ya mwisho.

— Ya mwisho, alisema Doña Mireya.

— Ya mwisho, ndiyo. Giza lilikuwa linaingia.

Pale karibu na mlango alikuwa amesimama mleta barafu. Kijana mpya kwenye ile njia, jina lake hata hatulijui. Alikuwa anasubiri arudishiwe magunia yake matupu, maji yanamchuruzika begani. Alitutazama mmoja mmoja.

— Samahani, wazee wangu. Huyo kocha wenu anahesabu za uwanjani. Za hapa kijiweni anahesabu nani?

Kijiko akaanza kutazama ndani ya kikombe ambacho kilishakwisha zamani.

— Sisi tulikuwa tunaangalia tu kama yuko sawa, Jenerali alisema mwishowe. Tulikuwa na hofu naye.

Doña Mireya akainuka, akakiweka kisahani kwenye benchi, katikati ya Radio na Kijiko. Mbaazi zilikuwa zimejaa mpaka ukingoni.

— Tisini na tano, alisema. Kwa siku mbili ambazo mkono uliambiwa ulale. Mtoto hajui kuwakatalia, mmemwona tangu anatambaa. Leo asubuhi kikombe chake kakishika kwa mkono wa kushoto. Nimemuuliza, kasema alilalia vibaya.

Akaikaza chupa kifuniko.

— Kahawa imekwisha.

Chupa ilisikika wazi kwamba ina kahawa.

Ningeweza kunyamaza. Mambo yangu hakuna aliyeyajua. Jumatatu usiku-usiku wakati nafunga, mdakaji wa Kenge aliniletea glavu yake niishone, na Wilkin alikuwa anapita. Nikamwambia mwanangu, hebu nijaribie mshono, usije ukaachia Ijumaa. Nikaivaa mimi mwenyewe, akanirushia. Mkono wangu uliwaka moto mpaka usiku wa manane, na nililala kwa raha kuliko siku zote za wiki ile.

Niliinama kwenye bakuli, nikahesabu ishirini, nikaziweka juu ya zile nyingine. Mbili zikaanguka, nikaziokota.

— Nilikuwa najaribu mshono tu, mama.

Alikibeba kisahani kwa mikono miwili isimwagike hata moja, akaacha duka wazi, akaelekea nyumba ya nne, kwa Eladio.