Mzee Népomuscène na Gari la Wagonjwa wa Gasenyi

Baba yetu, Népomuscène Ntahomvukiye, alizaliwa Kayanza tarehe 9 Mei 1960. Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha ufundi wa magari hapa Bujumbura, akawa fundi serikalini hadi alipostaafu. Mwaka 1988 alimuoa mama yetu Spéciose, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2018 alianzisha chama cha kupeleka wagonjwa wa Gasenyi hospitali, kwa gari moja tu. Kila asubuhi aliwakusanya wote, dereva, muuguzi, hata mfagiaji, akauliza: "Hii gari ni ya nani?" Wakaitika: "Ya wagonjwa!" Aliyeitikia kivivu alirudishwa aanze upya. Siku moja mama aliomba gari limletee gunia la makaa kutoka soko la Jabe. Baba akamjibu mbele ya wafanyakazi: "Mama Raïssa, hii gari haibebake makala." Akaenda, akalibeba mwenyewe begani, shati lake jeupe likawa jeusi tititi. Tulimcheka wiki nzima. Lakini tangu hapo hakuna aliyethubutu kuomba lifti, na hakuna mgonjwa aliyeambiwa gari limekwenda kwenye shughuli za watu.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2023. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, kifua kilimbana akiwa kazini. Binti yake Raïssa, anayewasomea maneno haya na ambaye ndiye hupokea simu za wagonjwa, alikuwa pale. Dereva Amissi alishashika funguo.

"Apana," baba akasema. "Gari ni ya wagonjwa. Mi muniitie teksi."

Tukatii, kama siku zote. Petroli ilikuwa haba mjini, teksi ikachukua saa nzima kufika, na muda wote huo gari letu lilikuwa uani, tangi limejaa. Alikata roho kabla ya kufika hospitali. Tulikuwa watu sita, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba mgonjwa ni yeye. Tuliishika amri yake, tukasahau aliiweka kwa ajili ya nini. Tunaona haya kusimama mbele yenu.

Ameacha mjane, Spéciose. Watoto, Raïssa, Loïc na Nella. Wajukuu wanne, na wenzake wa chama.

Baba, leo Amissi amekuleta kwa gari la chama, bila kumuuliza mtu. Tulipaswa kukupakia siku ile, hata kama ungetugombeza njia nzima. Utusamehe, upumzike salama.