Wamenirudisha Mbele ya Mstari

Sifa zote zimrudie Bwana! Ndugu zangu, asanteni kwa kuningoja. Kwaya imeimba wimbo mzima, ikaurudia, na mimi nilikuwa bado sijafika hapa mbele. Zamani ningekuwa nimekwisha kushuhudia na kurudi kukaa!

Mimi ni Mama Mwamini, mnanijua. Sisi wanawake wa upande huu wa Kasongo tunakwenda shamba kwa mstari, vikapu mgongoni, na kwa miaka mingi mstari huo niliuongoza mimi. Nilikuwa na miguu myepesi, na ulimi mwepesi kuliko miguu. Aliyebaki nyuma nilimcheka, nikamwuliza kama anangoja kubebwa. Mungu anisamehe, nilijisifu kwa kitu ambacho sikujipa mwenyewe.

Kisha hatua zangu zikaanza kufupika. Sikuumwa goti wala mgongo. Miguu ilikuwa tu kama inaomba ruhusa kabla ya kwenda. Wenzangu wakanipita mmoja mmoja mpaka nikawa wa mwisho. Wakati uleule nilianza kumlalamikia binti yangu Riziki kwamba kichwa kinanitoroka: naingia jikoni nasahau nilichofuata, namwita mjukuu kwa jina la marehemu dada yangu. Riziki alisema ni uzee tu, nami nikakubali.

Ndugu zangu, kilichoniangusha ni mihogo! Kule kijitoni kila mama ana shimo lake la kuloweka mihogo, na la mwenzake haligusi. Siku moja nilitoa mihogo iliyolainika, nikaibeba nyumbani, nikaianika. Kumbe ilikuwa ya Mama Feza, jirani yangu wa shamba. Niliomba radhi. Baada ya majuma machache nikafanya vilevile, shimo lilelile. Mara hiyo hakuna aliyeniamini. Walisema nasahau pale tu panaponifaa. Mama Feza akaacha kunisalimia. Kisha yakaja maneno mabaya zaidi: kwamba mtu anayejikokota asubuhi amechoka kwa kazi ya usiku. Mnajua maana yake, na mnajua mama akiitwa mlozi hukosa hata pa kulala. Wakaanza kusema niondolewe kijitoni, na majirani wakaacha kuingia kwa Riziki, ninakokaa.

Nililia sana. Nikafunga kula siku tatu, nikiomba kwamba kama ni pepo, linitoke, na siku ya tatu nikaanguka uani. Riziki akanipeleka kituo cha afya kwa pikipiki, amenifunga kwake kwa kikwembe, kitenge chake, kama mtoto.

Bwana alikuwa amenitangulia pale! Muganga, daktari wa kituo, mtu mpole, hakuanza na dawa. Aliniambia nitembee kutoka mlangoni hadi mezani. Nikatembea. Akaniambia nirudie, lakini sasa nitaje majina ya watoto wangu wote. Nilipomtaja wa kwanza, miguu ikasimama. Nikaisukuma miguu, majina yakapotea. Riziki akafunika uso. Muganga akanipima presha, ikawa juu. Akatueleza kwamba miguu ikipunguza mwendo, na mtu mwenyewe akilalamika kusahau, mambo hayo mawili pamoja yanaweza kuwa dalili za mapema za ugonjwa wa ubongo. Dawa ya kuuponya hana. Lakini ya presha anayo, na kula vizuri na kutembea kila siku pamoja na watu kutanisaidia. Kisha akasema neno lililonifungua:

"Mama, hii iko ugonjwa. Haiko wizi, haiko bulozi. Mutu yeyote asiyeamini, akuje aniulize."

Riziki alikwenda kwa Mama Feza siku ileile akampa ujumbe huo. Na Mama Feza, mkaidi yule, akaenda kweli kuuliza!

Asubuhi moja nikawakuta wanawake wote wamesimama njiani. Nilijua wamekuja kunifukuza. Mama Feza akanishika mkono, akanitoa nyuma, akanisimamisha mbele yao.

"Tembea mbele, Mama Mwamini. Sisi tutakufwata."

Haleluya! Tangu siku hiyo mstari mzima unakwenda kwa hatua zangu. Anayenung'unika anaambiwa atoke nyumbani mapema. Kwenye shimo langu Mama Feza amefunga kipande cha kikwembe chake chekundu kiwe alama, na bado nikikosea, ananicheka, nami nacheka naye.

Sijapona, sitawadanganya. Lakini nilifungwa na aibu na hofu, na leo niko huru! Wewe ambaye mama yako au baba yako amepunguza mwendo na anasema kichwa kinamtoroka, usimfiche, usimfungishe kula. Mpeleke apimwe, na umtegemee Mungu aliyewapa waganga wa hospitali maarifa. Hakuniacha mimi, hatamwacha wa kwako.

Ndugu zangu, siku moja huenda nikausahau ushuhuda huu. Ndiyo maana nimeutoa mbele yenu nyote. Siku hiyo ikija, Mama Feza anisimulie wote, asiruke kitu. Nitaitika amina kwa nguvu, maana kwangu itakuwa habari mpya.