Chuo Kilipotafuta Kocha, Nami Sina Maneno

Nawasalimu nyote wa kikundi chetu cha kiharusi, mliokuja kwa miguu yenu na mlioletwa. Ndugu zetu wa Mumias, asalaam aleikum. Wengine wote, Mungu ni mwema hata asubuhi ya mvua kama hii. Nitaongea polepole. Si maringo. Siku hizi kila neno langu hupitia njia ndefu kabla ya kufika mdomoni, na nikiliharakisha linapotea. Kwa hivyo mtanivumilia.

Mnanijua kama mama wa kile kiti cha mbele anayependa kubishana na wauguzi. Hamjui nilikuwa nani kabla ya kiharusi. Nilikuwa kocha mkuu wa mpira wa kikapu, timu ya wasichana wa chuo kimoja hapa mjini. Na kazi ya kocha, ndugu zangu, ni mdomo. Hachezi, harushi mpira. Anasimama kando ya kiwanja na kuongea. Mume wangu, huyu hapa, alikuwa akisema sauti yangu inafika nyumbani Shirere kabla yangu.

Siku hiyo tulikuwa kwenye mazoezi ya jioni. Nilitaka kumwambia msichana mmoja arudi kulinda. Nikafungua mdomo, kikatoka kitu kama mlio wa ng'ombe. Wasichana wakacheka, wakidhani nawatania. Kisha mguu wa kulia ukakataa, nikaanguka kwenye saruji kama gunia la mahindi. Kapteni wetu ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alinishika uso, akasema, "Kocha, niangalie. Tabasamu kidogo." Nikatabasamu upande mmoja tu. Walinibeba wenyewe hadi kwenye gari la mwalimu, na hospitalini wakakaa nje mpaka askari wa lango akachoka kuwafukuza.

Mguu ulirudi kidogo kidogo. Mkono pia. Maneno hayakurudi. Hapa wagonjwa wenzangu mtanielewa kuliko wengine: ndani ya kichwa yalikuwepo yote. Nikiona kikombe, najua ni kikombe. Najua nataka chai. Lakini nikifungua mdomo linatoka neno moja tu: kesho.

"Mama, unasikia uchungu?"

"Kesho."

"Nikuletee uji ama chai?"

"Kesho."

Siku moja mume wangu akaniinamia, akauliza, "Lakini mimi unanijua?" Nikamwangalia, machozi yakanitoka, na kwa upendo wangu wote nikamwambia, "Kesho."

Mnacheka. Chekeni tu, hata yeye anacheka sasa. Wakati ule hatukucheka.

Basi mkuu wa michezo wa chuo akaja kuniona, amebeba ingokho mzima, jogoo mkubwa. Mume wangu akaingia jikoni kuweka chai. Yule bwana akaniambia, "Kocha, wasichana wananiulizanga kila siku. Utarudi lini?"

Nawaambia, niliona jibu linakuja na sikuweza kulizuia. "Kesho."

"Kesho? Kweli?"

Nikajaribu kukataa kwa nguvu zangu zote. "Kesho! Kesho!"

Akainuka na furaha yake, akaenda bila hata kungoja chai. Siku iliyofuata wasichana wakavaa sare, wakajipanga kiwanjani kunipokea. Walingoja hadi mvua ikawapiga. Ndipo kapteni akapanda boda boda akaja Shirere, akanikuta nimelala naangalia ukuta. Alikaa ukingoni mwa kitanda, maji yakimchuruzika. Akasema, "Hukutaka kusema kesho. Sivyo?" Nikalia hadi mto ukalowa.

Baada ya hapo chuo kikaanza kutafuta kocha mkuu mpya. Siwezi kuwalaumu. Mashindano ya vyuo yalikuwa yanakaribia, na timu haiwezi kufundishwa na kiti kitupu. Lakini sikuambiwa. Nilisikia kwa walimu wawili waliokuja kunisalimia. Walisimama pande mbili za kitanda wakaongea na mume wangu juu yangu, kama mimi ni kabati. Mmoja akasema, "Wametangaza nafasi yake. Wameitwa watu mpaka kutoka Nairobi." Mtu akijua huongei, anadhani pia husikii.

Hapo ndipo nilipoanguka kweli kweli. Kule kiwanjani ulikuwa mwili tu. Nilikataa kwenda kwa dada wa hospitali aliyekuwa akinifundisha kuongea. Nilikataa mazoezi. Obusuma, ugali wetu, ilipoa mezani, ikaondolewa ikiwa nzima. Na mume wangu, kwa huruma tu, akaanza kunijibia kila kitu. "Ameshiba." "Amechoka." "Anawasalimia sana." Sikuwa nimechoka, na wengine wala sikuwa nawasalimia!

Kisha mkuu wa michezo akarudi. Alikaa mbali nami, anaona haya. Akasema wamebaki watu wawili, kila mmoja ataendesha mazoezi mbele ya kamati, na wasichana wameomba niwepo. Mume wangu akajibu haraka, "Hataweza. Ataumia roho."

Nikapiga meza kwa mkono mzima, vikombe vikaruka. "Kesho!"

Wote wawili wakanigeukia. Mume wangu akaniuliza polepole, "Unataka kwenda?" Nikamshika mkono nikaubana. Akasema, "Basi twende."

Niliwekewa kiti kando ya kiwanja, leso miguuni. Na sitawadanganya, nilienda nikiomba washindwe wote wawili. Wa kwanza alikuwa bwana wa Nairobi, mwenye jina katika mchezo huu. Anajua kazi, hilo sikatai. Lakini alipofika kwangu alimshika mume wangu mkono, akamuuliza, "Anaendeleaje?" Mimi niko hapo hapo, namwangalia tumboni.

Wa pili alikuwa dada mmoja, amewahi kuwa mchezaji, alikuwa anafundisha Bukura. Aligawa wasichana pande mbili, wakacheza. Nikaona kosa lile lile la siku zote: wanaolinda wananyoosha mikono kunyang'anya mpira, miguu imesimama, na mwenye mpira anawapita pembeni kama maji. Yule dada pia akaliona. Akasimamisha mchezo. Nilidhani atawakaripia. Badala yake akavuka kiwanja chote, akaja akachuchumaa mbele ya kiti changu, macho yake na yangu sawasawa.

"Kocha," akasema, "wasichana wako wanapitwa pale pembeni kila mara. Wewe ulikuwa unawaambia nini?"

Mume wangu akafungua mdomo. "Unajua, Mama haongei siku hizi—"

"Samahani, Baba," dada akasema kwa adabu. "Nimemuuliza yeye."

Halafu akanyamaza. Ndugu zangu, alingoja. Kamati ikaanza kuangalia saa. Wasichana wameshika mpira. Kesho likaja, limejaa mdomoni, nikalimeza. Likaja tena, nikalimeza tena. Jasho lilinitoka. Yeye hakunisaidia hata herufi moja, wala hakugeuza macho.

"Mi..." nikasema.

Akangoja.

"Mi... guu."

Kapteni akasogea hatua moja.

"Miguu," nikasema. "Si... mikono."

Kapteni alipiga kelele ambayo nadhani ilisikika sokoni. Mume wangu aliketi chini, mzee mzima na suti yake, kwenye vumbi. Lakini yule dada hakupiga makofi, na hilo nalo namshukuru. Alisimama, akawageukia wasichana kama vile hakuna jambo la ajabu lililotokea: "Mmesikia kocha. Mikono nyuma ya mgongo, wote. Lindeni kwa miguu." Wakalinda hivyo, wakiteleza huku na huku kama kaa, na hakuna aliyepita.

Jioni kamati ikaniuliza mimi nani achukuliwe. Nikamwonyesha yule dada kwa kidole.

Tukirudi nyumbani mume wangu aliendesha gari, akinitupia macho. Akauliza, "Roho inauma?" Nikajipekua ndani nikitafuta uchungu. Mnajua ukitua mtungi wa maji ulioubeba kutoka mbali, shingo inavyoinuka yenyewe? Ndivyo nilivyokuwa. Miezi yote ile niliamini siku timu itakapopata mtu mwingine, mimi nitaisha. Imempata, na mimi bado nipo, nimekaa garini nasikia njaa. Usiku huo nilikula mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Msidhani maneno yalifunguka kama bomba. Nilirudi kwa yule dada wa hospitali, nikaanza na miguu na mikono, nikataja viungo vya mwili mzima kama mtoto wa chekechea. Hata leo nikitaka mkate naweza kuomba mkeka. Timu nayo ilipigwa vibaya mechi ya kwanza ya kocha mpya, kisha ikajikusanya. Naenda kuwatazama. Nakaa na watu wengine, nakula njugu, na wakifungwa ni yeye anayekosa usingizi!

Namshukuru mume wangu, aliyejifunza kunyamaza, na kwake haikuwa rahisi. Nawashukuru wasichana wangu waliokuja kwa zamu kunitembeza barabarani. Namshukuru kocha wao.

Na ninyi mnaotuuguza, neno langu ni moja. Tunajua mnatupenda. Msitumalizie sentensi. Ulizeni, mkae chini, mngoje, hata chai ikipoa.

Kuna baba amekaa karibu na mlango, leo ndiyo mara yake ya kwanza kuja. Mama aliye naye amenong'ona hapa kwamba baba hawezi kusema, yeye ndiye amsemee. Mama, pole, hapana. Baba, shika maikrofoni hii. Sisi tumekaa, na hatuna haraka.