Shangazi na Mjapani wa Saa Kumi

Ukitaka kujua nani kaachwa, nani kaoa tena na nani anatembelea suruali ya kuazima, usihangaike kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Kaa kwenye ule ubao uliolazwa juu ya madebe mawili ya rangi, kati ya kinyozi na fundi viatu, halafu nyamaza. Habari zitakuja zenyewe, na kahawa ataleta Shangazi. Hapo hana mpwa hata mmoja. Ni jina tu, limemganda kama masizi kwenye birika lake. Miaka yote hiyo anawamiminia wanaume kahawa akiwa wima, maana ubao ni wa wateja, na akijaribu tu kukunja goti, kuna kikombe kimeshakauka. Sasa mwezi huu Shangazi kazua jambo. Kila siku saa kumi ikikaribia anafunika makaa, anajitanda mtandio, anaingia banda la video kumwangalia samurai. Mjane, mwenye wajukuu, katikati ya vijana wanaopiga miluzi. Na filamu ni ile ile. Mtaa umekosa usingizi, yeye analala.

Mchana huo alikuwa akisuuza vikombe kwenye ndoo, mgongo kawapa, masikio kawaachia.

— Mimi nasema anajifunza kupigana — alisema Wembe, kinyozi, ambaye hajawahi kumpunguza mtu nywele bila kumpunguza na siri. — Si yule jirani yake anammwagia maji machafu mlangoni? Ngojeni. Siku moja mtasikia ndoo imekatwa vipande viwili na maji hayajamwagika.

— Kupigana na goti gani? — alijibu Soli, fundi viatu, misumari mdomoni. — Goti lenyewe likiinuka linalia kama mlango. Huyo kapenda. Mwangalie anavyojitanda siku hizi.

— Kampenda Mjapani wa kwenye kioo?

— Wa kwenye kioo ndiye mume. Hakoromi, hadai chakula.

Shangazi alisuuza tena kikombe kilichokwisha takata. Marehemu wake alikoroma na alidai chakula, tena vyote kwa wakati mmoja.

Kamusi akakohoa. Huyu ni karani mstaafu. Methali zote anazijua, ila hajui zinakoishi.

— Jamani, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hao samurai mmesikia wanavyoinama? Wakikutana wanainama, wakiagana wanainama. Kuna kitu wanakitafuta huko chini, na Shangazi kakigundua.

— Kitu gani?

— Dhahabu. Kila upanga una ramani kwenye mpini. Na nyumba zao je, si kuta za karatasi? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wao waliziba nyufa zote, ndiyo maana hawana kuta.

Soli alitema msumari mmoja ili afikiri vizuri.

— Kwa hiyo Shangazi ni mpelelezi?

— Kimya kingi kina mshindo. Nani hapa anajua alikozaliwa?

— Kazaliwa hapo nyuma ya duka langu — alisema Wembe.

— Ndivyo wanavyosema wapelelezi wote.

Wangemvisha hadi kofia ya chuma, lakini hapo akatokea Tai. Tai ndiye mtoto wa kwanza wa Shangazi, anaitwa hivyo kwa kuwa huvaa tai hata akienda kununua sabuni. Mama yake analala kwake, chumba cha uani. Akawapa wazee mkono mmoja mmoja kama mgombea, kisha akasimama mbele ya ndoo.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Kahawa?

— Sikujia kahawa. Nimekuja mbele ya wazee hawa wawe mashahidi. Lile banda sasa basi. Jana mwenzangu kazini kaniuliza kama ni mama yangu yule anayekaa mstari wa mbele. Mstari wa mbele, mama.

— Macho yangu hayaoni mbali.

— Leo ukienda huko, kwangu usirudi. Chumba nitampangisha mtu. Nataka jibu sasa hivi.

Chumba kile kina kitanda cha Shangazi, sanduku lake, na dirisha linalomwonyesha wajukuu wakirudi shule. Kingine hana. Akawageukia wateja wake, watu aliowamiminia tangu ndevu zao zikiwa nyeusi, akawaona wanavyozama vikombeni kama vyura.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu — alisema Kamusi polepole.

— Unaniambia mimi au yeye? — aliuliza Tai.

— Namwambia atakayeichukua.

— Kijana hajakosea, Shangazi — alisema Wembe bila kuinua macho. — Umri una heshima yake.

Ndipo alipochechemea kuja mwanamke mgeni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi kimeng'oka kisigino. Akampa Soli, akaegemea ukuta. Aliyoyasikia yalimtosha.

— Samahanini, kwani kwenye hiyo filamu kuna nini?

— Damu — alisema Wembe.

— Mapenzi — alisema Soli.

— Ramani — alisema Kamusi.

— Mmeiona?

— Tumesikia.

Mgeni akamgeukia Shangazi.

— Kuna nini, mama?

Shangazi akajifuta mikono.

— Mapanga yapo, siwezi kudanganya. Hayo nafumba macho. Mimi naendea pale katikati. Samurai kapiga magoti ndani, peke yake, anakunywa chai. Maadui wamejaa uani, panga nje. Na yeye anakunywa. Hagugumii. Anapuliza, anaonja, anaweka chini, anaangalia mvua, anashika tena. Hata yule mtafsiri wetu, anayepayuka filamu nzima juu ya sauti za wenyewe, hapo ananyamaza. Hakuna anayemwambia inuka. Mpaka tone la mwisho.

— Sasa mbona hao wa uani hawaingii wakamkata pale pale alipokaa?

Mgeni aliuliza kama mtu anayeulizia njia. Wembe akamtazama Soli. Soli akamtazama Kamusi. Kamusi akafungua mdomo, methali zote zikagombania mlango, hakuna iliyotoka. Tai akalegeza tai yake, akaikaza tena.

Shangazi akalitikisa birika. Kilibaki kikombe kimoja. Mikono mitatu ikanyooshwa, maana tumbo halijui haya. Akamimina, mikono ikabaki hewani.

— Hicho cha nani? — aliuliza Soli.

— Changu. Birika limekwisha. Haya, sogeeni.

— Tusogee wapi?

— Huko huko. Ubao si mfupi, ni nyie mmejitandaza.

Wakasogea. Goti likalia kilio chake, na Shangazi akaketi kwenye ubao ambao hajawahi kuukalia. Akaukuta una vuguvugu la watu. Akapuliza kikombe.

— Mama — alisema Tai. — Nangoja jibu.

— Najua, mwanangu. Ngoja ninywe.

Akaonja. Akakiweka gotini. Akaitazama barabara, mbwa akivuka, mtu akianika shuka. Kule bandani ukasikika mluzi wa kwanza. Tai akabaki wima juani na mikono yake.

Shangazi akakishika tena kikombe. Kilikuwa bado nusu.